Masizi na Dari la Bi Shela

Mtu akikutajia fundi rangi, unaona nini? Ngoja nikusaidie. Unaona ovaroli iliyokuwa ya bluu enzi za ujana wake, sasa ina kijani cha jiko la mtu, pinki ya chumba cha mtoto na krimu ya kila ofisi uliyowahi kupanga foleni. Viatu vimeganda kama vilichovywa kwenye uji. Kofia usiseme.

Sasa futa picha hiyo. Mjomba wangu ni fundi rangi, na anavaa nyeusi. Shati jeusi la mikono mirefu, limenyooshwa kwa pasi mpaka ule mkunjo wa mkono unaweza kukatia kitunguu. Suruali nyeusi, mkanda mweusi, soksi nyeusi, viatu vyeusi, na saa yenye uso mweusi ambayo hata yeye mwenyewe haisomi mpaka aigeuzie dirishani. Mtaani wanamwita Masizi, na akiitwa hivyo anaitika kama ameitwa Mheshimiwa.

Watu wanapenda pawe na kisa. Alifiwa? Kaweka nadhiri? Siku moja alikwenda hospitali kumjulia hali jirani aliyevunjika mguu. Wodi nzima ikanyamaza, na yule jirani akaanza kulia, akijua kabisa kwamba kuna jambo madaktari wamemficha. Mimi nilipomuuliza kwa nini nyeusi kila siku, alinijibu bila kuacha kupiga pasi:

"Mjomba, napendeza."

Basi. Kisa kizima ndicho hicho.

Lakini kwa kazi yake, kupendeza kuna gharama. Tone la rangi nyeupe kwenye shati jeusi linapiga kelele kuliko mtoto wa jirani. Mwenye ovaroli akidondosha, tone linajiunga na wenzake na hakuna anayejua. Mjomba akidondosha, barabara nzima itamsoma mpaka afike nyumbani. Kwa hiyo aliamua kutodondosha. Huchovya ncha tu ya brashi, huigonga kushoto, huigonga kulia, kisha huipandisha taratibu kama anampelekea mgonjwa kijiko cha dawa. Akishuka kwenye ngazi jioni, unaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye harusi. Ni kweli watamuuliza nani kafariki, ila atakuwa msafi.

Mkewe, ambaye kwenye vitabu ni mkaza mjomba na nyumbani ni Anti, huvaa rangi zote kwa pamoja ili asiionee rangi yoyote. Kwa miaka mingi amepigana vita na kabati la mumewe. Aliwahi kumnunulia raba nyeupe pee. Mjomba alizishukuru, akazirudisha kwenye boksi lake na kulisukumia uvunguni mwa kitanda.

"Siku utakayovaa viatu hivi nitajua unanipenda," Anti husema.

"Nakupenda tangu zamani. Viatu ndivyo sijavizoea."

Kitu kimoja Anti hakuruhusiwa kugusa: sufuria la rangi. Nguo nyeusi ikichoka huanza kugeuka kahawia kwenye kola, na Mjomba hawezi kuishi na kahawia. Kwa hiyo kila baada ya muda huzichemsha mwenyewe uani, kwenye sufuria kuukuu lenye unga wa rangi na chumvi ya kutosha, maana chumvi ndiyo inayoshikisha. Halafu husuuza, husuuza, husuuza, mpaka maji yatoke meupe kama ya kunywa. Anti huita hiyo "supu ya Masizi" na hupita akiwa ameziba pua.

Sasa Bi Shela.

Bi Shela ni bosi wangu. Anauza na kukodisha magauni ya harusi, na mimi hukaa kaunta na kushona shanga zinazodondoka pale bibi harusi anapokataa kukubali kwamba ameongezeka. Alikuwa anafungua duka jipya. Kila kitu cheupe: kuta, sakafu, viti, hata pipa la taka. Magauni yalishafika na kuvishwa masanamu. Keshokutwa yake ni ufunguzi. Ndipo bomba la ghorofa ya juu likapasuka, na katikati ya dari likatokea doa la kahawia, kubwa kama beseni, juu kabisa ya gauni la gharama kuliko yote.

Chumba cha nyuma kilikuwa kinaogelea, kwa hiyo magauni hayakuwa na pa kwenda. Kuyafunika kwa nailoni Bi Shela alikataa, eti inalaza maua ya lesi. Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuja na ovaroli yake. Bi Shela alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akahesabu rangi, akamwambia asante, nenda salama. Mimi nikasema, "Madamu, nina mjomba."

Mjomba alipoingia, Bi Shela alishika kifua.

"Huyu kaja kupaka rangi au kaja kuchukua maiti?"

"Shikamoo mama," alisema Mjomba.

"Usinishikamoo, mimi na wewe tumeshindana kuzaliwa. Nguo gani hizo za kuingilia duka la harusi?"

Mjomba akanyoosha mikono pembeni na kugeuka polepole, mzunguko mzima, kama mmoja wa wateja wetu mbele ya kioo. "Nitazame vizuri. Nimetoka kupaka darasa zima jeupe, dari na kuta. Nionyeshe tone."

Bi Shela alivaa miwani. Alitafuta. Aliinua mpaka kola. Mafundi cherehani wa duka wote walikuwa wameacha mashine.

"Hm," alisema. "Haya. Lakini ukichafua chochote humu ndani, kazi zangu zote utazifanya kwa ovaroli nitakayokununulia mimi. Ya pinki."

Hapo mtu mwenye akili angesema sawa mama. Lakini Mjomba akiguswa kwenye nyeusi yake, mdomo humtangulia.

"Nikichafua chochote humu ndani," alisema, mkono kifuani, "nyeusi naivua. Si hapa tu. Popote, na moja kwa moja."

Mafundi cherehani walipiga vigelegele. Mimi nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa.

Jioni Anti aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Hatimaye! Mungu ni mkubwa! Naanza kuomba tone sasa hivi." Mjomba alitoka kununua brashi mpya, na mimi nikarudi kwetu.

Asubuhi alikuja akiwa ameng'aa. Yaani nyeusi tii, nyeusi ya mshono wa kwanza, kola kama imetoka dukani. "Umeona?" aliniambia akijigeuza. "Nimeikuta imeshapigwa pasi iko kwenye kiti. Anti wako ana maneno mengi, lakini pasi anaijua."

Tuliyafunika magauni kwa mashuka mepesi, ngazi ikasimamishwa, na Mjomba akapanda. Jamani. Nimewahi kuangalia mechi za fainali, lakini sijawahi kuona watu wanaangalia dari namna ile. Chovya, gonga, gonga, pandisha. Kila brashi ilipoinuka tulivuta pumzi, na ilipofika juu tukaiachia kwa pamoja. Feni zilizimwa zisije zikapeperusha tone. Joto likapanda. Jasho likamtoka Mjomba mgongoni na mabegani, shati likamganda, yeye hana habari. Chovya, gonga, gonga, pandisha. Doa la kahawia likawa kama sahani, likawa kama kisosi, likawa kama kitufe, likapotea.

Alishuka. Tukavua mashuka moja moja, Bi Shela ameshika taa ya simu. Gauni la kwanza safi, la pili safi, na lile la gharama safi kama lilivyozaliwa. Kelele tulizopiga! Fundi mmoja alimkumbatia sanamu.

Mjomba ana kawaida yake. Kazi ikiisha huegemea ukuta mkavu, bega moja, mikono kifuani, mguu mmoja mbele ya mwingine, na kuitazama kazi yake kama baba anayetazama mtoto aliyefaulu. Akaegemea, na sisi tukaendelea kupiga makofi.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Anti akaingia mbio, kanga begani, kandambili mkononi, na mikono myeusi mpaka kwenye vifundo.

"Usiguse kitu! Baba, usiguse kitu! Shati linachuja!"

"Linachuja vipi?" aliuliza Mjomba, bado ameegemea.

"Nimeanua mashuka, yote yana michirizi, nayasugua wee hayatoki! Yalikuwa kwenye kamba moja na shati lako! Kola ilikuwa imechoka, nikaona mume wangu haendi kwenye kazi kubwa na kola ya kahawia, nikalichemsha jana ulipotoka..."

"Chumvi uliweka?"

"Chumvi? Nilikuwa nachemsha shati, sikuwa napika maharage!"

Mjomba akajinasua ukutani polepole, kama mtu anayebandua plasta. Sote tukaona. Bega zima, kiwiko, na kipande cha mgongo, vyeusi juu ya ukuta mweupe, kama kivuli kilichosahau kuondoka na mwenyewe.

Anti alifunika uso kwa mikono yake myeusi, jambo ambalo halikusaidia.

Unajua, angeweza kusema neno moja tu. Angenyoosha kidole kwa mkewe na sote tungemwelewa. Badala yake aliangalia ukuta, akamwangalia Anti, na nikaona anataka kutabasamu. Vita vya miaka yote hiyo, kumbe adui alikuwa anailinda ngome.

"Shati ni langu na bega ni langu," alimwambia Bi Shela. "Nilisema chochote." Akasogea katikati ya duka, mbali na kila kitu, akaanza kufungua vifungo. Ndani alikuwa na fulana. Nyeusi.

"Mungu wangu, mpaka ndani," alisema Bi Shela. Kisha sauti ikabadilika. "Subiri. Usivue. Usisogee!"

Mjomba akaganda, kifungo mkononi.

Bi Shela hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia lile gauni la gharama, lililosimama kati yake na Mjomba. Akasogea kushoto, akarudi kulia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Njoo usimame hapa nilipo," aliniambia. Nikasimama. Upande ambao nyuma yake kulikuwa na ukuta, gauni halikuonekana, lilikuwa maziwa ndani ya maziwa. Upande ambao nyuma yake alikuwa Mjomba, kila ua la lesi lilisimama peke yake, hata shanga nilizoshona mimi zilionekana, na sikujua nashona vizuri kiasi kile.

"Nimelipia maua yote hayo," alisema Bi Shela polepole, "nikayazika kwenye ukuta mweupe. Masizi, nenda nyuma ya lile la pili. Usiliguse! Simama mbali."

Akapelekwa nyuma ya la pili, la tatu, la mwisho. Kila alipofika, gauni lilizaliwa upya na mafundi cherehani walipiga kelele.

"Ukuta huu," Bi Shela aliupiga kofi pembeni ya lile bega, "mpaka kesho asubuhi nautaka mweusi."

"Mweusi wa namna gani, mama?"

"Kama wewe."

"Sio kama yeye!" alisema Anti. "Yeye anachuja!"

Bi Shela alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Na ile ahadi yako, mimi sijaona uchafu. Nimeona sampuli. Rudisha vifungo vyako."

Anti alimfunga vifungo mwenyewe mbele ya watu, kwa vile mikono yake haikuwa na cha kupoteza.

Lakini Mjomba hakuondoka. Alibaki ameshika kidevu mbele ya ukuta, na tatizo likamjia usoni kabla halijafika mdomoni. "Rangi nyeusi, nguo nyeusi," alisema. "Nikidondosha, nani atajua?"

"Hakuna," nilisema. "Si ndiyo raha yenyewe?"

Alinitazama kama nimemtukana.

Kesho yake alikuja jua likichomoza. Shati jeusi, la zamani, la chumvi. Suruali nyeusi, mkanda mweusi, saa ile ile isiyosomeka. Na miguuni, raba nyeupe pee, bado zina alama ya mkunjo wa karatasi ya boksi.

Anti alikuwa nyuma yake, amebeba ngazi upande wa nyuma, anacheka peke yake barabarani. Mjomba alipaka ukuta mzima, chovya, gonga, gonga, pandisha, na wateja wa kwanza walipoingia Anti alikuwa amechuchumaa sakafuni na taa ya simu yangu, anazikagua raba moja baada ya nyingine.

"Nyeupe," alitangaza duka zima. "Nyeupe! Ananipenda!"