Ua wa Ardith na Delmar

Mto ulipofurika mwezi wa tatu, haukumwachia Ardith Kubicek hata nguzo moja ya ua wa malisho iliyosimama upande wa bondeni. Maji yalishuka na mapande ya barafu ya majira ya baridi, makubwa kama milango, yakang'oa seng'enge na kuiviringisha kama uzi uliochezewa na paka. Kulipopambazuka, ng'ombe wake weusi na ng'ombe wekundu wa jirani yake, Delmar Vrana, walikuwa wakila nyasi pamoja kama ukoo mmoja.

Hilo ndilo lililomkera. Yeye na Delmar hawakuwa wamesemezana miaka kumi na mmoja, tangu Delmar aliposema kanisani, mbele za watu, kwamba ua wa Ardith haungezuia hata kuku.

Ardith alikuwa mjane wa miaka sabini na mitatu, na kuomba msaada wa serikali kulimchoma moyo. "Marehemu hakuomba hata kiberiti," alikuwa akisema. Lakini marehemu hakuona mafuriko yale. Akavaa kofia, akaenda ofisi ya kilimo ya kaunti.

"Ruzuku ya dharura ipo, mama," alimwambia Kaylene, karani wa pale. "Ila usiguse nguzo kabla sijaja kukagua. Na kwa kuwa ua ni wa mpakani, nataka sahihi ya jirani pia."

"Basi acha ng'ombe wazurure!"

Akageuka kuondoka, akagongana na Delmar mlangoni, naye ana fomu ya ruzuku ileile mkononi. Wakatazamana.

"Umezeeka," akasema Delmar.

"Na wewe umenenepa. Tia sahihi."

"Nipe kalamu basi. Yangu imekwenda na mto."

Kaylene alijificha nyuma ya kompyuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Ukaguzi ulipopita, wakaanza kujenga. Wiki ya kwanza walibishania kila nguzo. Siku moja Delmar alivuta waya mpaka akawa mwekundu kama ng'ombe wake, na waya hausogei.

"Vuta, mwanamume! Au unangoja serikali ije ikuvutie?"

"Navuta tangu asubuhi! Wewe ndiye umeukanyaga!"

Ardith akatazama chini. Kweli, waya ulikuwa chini ya buti lake. Alicheka hadi akakaa matopeni, na Delmar, aliyekuja kumwinua, akateleza akaketi naye.

"Yale maneno ya kuku," Delmar akasema, akijifuta tope usoni, "nilikosea."

"Ulisema kweli. Ulikuwa ua mbovu. Lakini si kanisani, Delmar!"

"Si kanisani," akakubali.

Kutenganisha ng'ombe kuliwachukua siku mbili, na ndama mmoja mwenye mabaka hakuna aliyejua ni wa nani. Ardith akamchukua, akampelekea Delmar sinia la mikate ya matunda kuwa fidia.

Malipo yalipotoka, Kaylene aliwaita wachukue karatasi zao za malipo. Aliwaona kupitia dirishani wakishuka kutoka kwenye gari moja, wakigombana juu ya nani aliyekosea njia.