Mapigo Ambayo Sikuyahesabu

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, bila homa wala pombe, Iringa mjini, mtaa wa Mlandege, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru. Wajukuu zangu husema babu aliota. Hebu niambie, mtu huota huku ameshika kikombe cha chai ya moto kinachomuunguza vidole? Haya, sikiliza.

Nilikuwa kijana wa Kinyakyusa, nimekulia Mbeya, kule mlimani juu ya mji, ambako mama alilima viazi na pareto. Nilipomaliza shule ya kati ikaja barua. Nimechaguliwa kusomea uganga msaidizi kwenye hospitali moja ya misheni karibu na Iringa. Jina lake silitaji, na usihangaike kulibahatisha. Mama hakujua kusoma, lakini aliishika ile barua kwa mikono miwili akasema, "Ndaga, Kyala," yaani asante Mungu, kisha akalia mpaka ugali ukaungua.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine iliyotutoa jasho. Blanketi mbili. Kaptura nyeupe mbili. Raba nyeupe. Sahani na kikombe cha bati. Sanduku lenye kufuli. Na saa yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya mgonjwa. Chini wakaandika kwamba atakayefika bila vifaa vyote atarudishwa kwao. Wakaongeza kwamba bweni la mwaka wa kwanza halijaezekwa, kwa hiyo tutakaa Mlandege katika nyumba ya Bi. Mwanahawa, na kila mgeni atapokewa stendi na mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye ndiye atakuwa mlezi wake.

Blanketi tulipata. Kaptura alishona fundi mmoja pale Mbeya mjini, moja ndefu kuliko nyingine, nikazivaa hivyo hivyo. Sanduku alinipa mjomba. Lakini saa! Mwalimu wangu alikuwa nayo, na nilipomtajia tu akashusha mkono wa shati. Nilizunguka kwa watu wiki nzima. Mjomba akachoka na kilio changu, akasema, "Chukua jogoo. Naye anajua saa." Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilipanda basi bila saa, nikiwa nimeshajiona narudi nyumbani na sanduku kichwani, mama amesimama njiani.

Basi letu liliharibika njiani tukafika Iringa tumechelewa sana, magharibi, mvua ya manyunyu na ukungu mzito. Abiria wakatawanyika. Nikabaki mimi na sanduku langu. Ndipo kijana mmoja akanijia, amevaa kaptura nyeupe na shati jeupe, hana koti wala sweta, katika baridi ile ya Iringa!

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. "Wewe ndiye wa Mbeya. Mimi Lukas, mlezi wako. Twende."

Hakunipokea mzigo. Niamini, jambo hilo liliniudhi kuliko ile safari yenyewe. Kwetu hata mtoto mdogo hupokea mzigo wa mgeni, na huyu mtu mzima alitangulia mikono mitupu! Nikabeba sanduku, nikimtukana kimoyomoyo. Niliona pia kwamba mimi nilikuwa natoa mvuke mdomoni kwa baridi, na yeye hatoi kitu. Niliona, lakini sikuwaza lolote. Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Alinipeleka moja kwa moja hadi kwa Bi. Mwanahawa. Alikuwa mama mtu mzima mwenye asili ya pwani, mumewe alikuwa mfanyabiashara wa nguo, naye alikuwa akiwapangisha wanafunzi wa hospitali. Alinipokea uani na taa yake ya chemli. "Karibu mwanangu, umelowa. Chumba ndicho hicho, ingia nikuletee chai." Lukas alikuwa ameshaingia. Alikaa kwenye kitanda cha dirishani, nami nikakaa kwenye kile cha mlangoni.

Bi. Mwanahawa akaja na kikombe kimoja.

"Bi," nikasema, maana nilikuwa bado na hasira lakini adabu ninayo, "tuko wawili. Na mwenzangu huyu."

Akatazama pale nilipoonyesha. Akatazama kwa muda. Chai ikamwagika kwenye kisahani. Akatoka, akarudi na kikombe cha pili, akakiweka juu ya ukingo wa dirisha taratibu, akasema kwa sauti ndogo, "Karibu, baba." Akaondoka haraka. Upepo ulikuwa ukiingia, nikainuka nikafunga mlango na komeo. Kumbuka hilo komeo.

Basi Lukas akaanza kunifundisha, na nakwambia, sijapata mwalimu kama yule. Alinieleza Sista Mkuu anachukia nini: kucha chafu, na mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Jinsi ya kukunja pembe za shuka. Sindano huchemshwa muda gani, na kwa nini usimwamini anayekwambia zimeshachemka. Akaniuliza kama nina vifaa vyote. Nikainama. Nikamwambia sina saa, na kwamba kesho nitarudishwa Mbeya.

Akatoa mfukoni saa ya duara, ya bati jeupe, kioo kimepasuka ufa mmoja. "Itumie hii," akasema. "Sasa nipime."

Akanyoosha mkono. "Vidole vitatu, hapa chini ya gumba langu. Gumba lako usilitumie, lina mshipa wake, utahesabu mapigo yako mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya atakupa kama sabini na mbili. Hesabu dakika nzima."

Nikamshika. Ngozi yake ilikuwa baridi, nikasema ni hali ya hewa. Nikatazama mshale wa sekunde ukizunguka. Sikusikia kitu. Nikasogeza vidole kidogo. Kimya. Nikabonyeza. Kimya. Jasho likaanza kunitoka, na si kwa woga wa mizimu, la hasha! Niliogopa kuonekana mjinga. Nilijua kosa ni langu, mtoto wa mkulima wa viazi ambaye hajui hata kushika mkono wa mtu. Yeye ameketi hapo ananiangalia, anaongea, atakosaje mapigo? Dakika ikaisha.

"Ngapi?" akauliza.

"Sabini na mbili," nikasema.

Uso ukamshuka. Sijawahi kuona mtu akihuzunika ghafla namna ile. "Na wewe pia?" akasema. Nikadhani ana maana nimepata sawasawa na wanafunzi wengine, nikatabasamu kama mpumbavu. Yeye hakutabasamu. Akasema, "Usiandike usichokihesabu. Kesho utashika mkono wa mtu mwingine."

Nikageuka kuchukua kikombe changu pale juu ya sanduku. Niligeuka tu, hata sikunyanyuka. Nilipomtazama tena kitanda kilikuwa kitupu, shuka haina hata mkunjo. Mlango? Komeo lilikuwa pale pale nilipoliweka. Dirisha lilikuwa na nondo. Kikombe chake kilijaa vilevile, hakikuguswa. Na mkononi mwangu ile saa ilikuwa ikipiga.

Nililala? Sikulala. Nilijifunika blanketi zote mbili mpaka kichwani, nikasali sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Asubuhi mlango ukagongwa. Kijana mwingine, mfupi, ana sweta la buluu. "Ndugu yangu, nisamehe sana," akasema. "Mimi Zakaria, mlezi wako. Nilikungoja stendi mpaka jioni, nikadhani basi haliji tena." Akainama kulichukua sanduku langu, akaiona ile saa kitandani. Akaliachia sanduku likaniangukia mguuni.

"Umeitoa wapi hii?"

"Amenipa Lukas."

Zakaria hakuniuliza Lukas yupi. Alishika kifua chake, pale ambapo ufunguo mdogo ulining'inia kwa uzi, akanitazama, kisha akasema tu, "Twende, tunachelewa."

Sista Mkuu alikagua vifaa. Aliiona saa, akaisikiliza, akapita. Nikapumua! Kisha akatupeleka wodini, wageni sita, kila mmoja na kitanda chake, tuhesabu mapigo na kuandika kwenye kadi. Mimi nikapewa kitanda cha mwisho, mama aliyejifungua alfajiri. Alikuwa amefunikwa vizuri hadi kidevuni, amelala kwa amani. Mtoto wake yuko pembeni.

Nikaweka vidole vitatu. Nikatazama mshale.

Sikupata kitu.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Nilisikia penseli zao. Mmoja alishamaliza akasimama wima kama askari. Nikaitazama kadi, na nakwambia ukweli ule ambao mke wangu tu ndiye aliyekuwa anaujua: nilikwisha andika ile saba ya sabini na mbili. Penseli ilikuwa juu ya karatasi. Nilimwona mama yangu njiani. Nani angejua? Mgonjwa amelala tu, atakuwa mzima.

Ndipo ubaridi ule wa jana ukanirudia kwenye vidole.

"Sista!" nikapiga kelele, tena kelele ya porini, si ya hospitali. "Sikupata! Nimetafuta sikupata!"

Wenzangu wakacheka. Sista hakucheka. Alikuja, akagusa shingo ya yule mama, akavuta blanketi. Godoro chini yake lilikuwa limelowa damu. Ilikuwa ikimtoka kimya kimya tangu alfajiri, blanketi zimeificha. Ikawa mbio, daktari, chupa za maji ya chumvi, mimi nimeambiwa nishike miguu yake juu, na nikaishika mpaka mikono ikafa ganzi.

Alipona. Ah, sijui nikueleze vipi nilivyojisikia saa sita mchana daktari aliposema atapona. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi nikacheka peke yangu. Na yeye mwenyewe, alipoamka kesho yake, maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Ni wewe uliyekuwa unapiga makelele?" Nikamwambia ndiyo, mama, nisamehe.

Zakaria alinifuata pale kwenye nyasi. Alikuwa analia. Akaniambia kwamba Lukas alikuwa mwenzake wa darasa, wakikaa chumba kile kile cha Bi. Mwanahawa. Masika iliyopita Lukas alilazwa kwa homa ya matumbo, na Zakaria ndiye aliyekuwa zamu. "Nilikuwa nimechoka na nina njaa," akasema. "Nilimwona amelala vizuri. Nikaandika sabini na mbili nikaenda kula. Sista akasoma kadi, akaona hajambo, akapita. Niliporudi alikuwa ameshakwisha." Saa ya Lukas aliichukua yeye, akawaambia watu imepotea, akaifungia sandukuni. Akanionyesha ufunguo shingoni. "Asubuhi hii nimerudi kufungua. Kufuli ni zima. Saa haimo."

Nilimwambia aende kwa Sista, na akaenda. Alikaa humo ofisini muda mrefu. Hawakumfukuza. Walimrudisha mwaka wa kwanza, darasa moja na mimi, akaanza upya kuhesabu mapigo, na alipotoka mle ofisini alitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Baadaye alikuja kuwa mganga mwangalifu kuliko sisi wote. Saa akaniachia.

Lakini mimi nilikuwa na langu bado. Jioni ile nilimwomba Bi. Mwanahawa vikombe viwili. Alinipa bila kuuliza. Nikaweka kimoja dirishani, nikakaa kitandani kwangu, na ingawa nilijiona mwehu nikasema kwa sauti, "Kaka Lukas, jana nilikudanganya. Sikupata kitu. Niliona aibu." Nikalala usingizi mzito kama mtoto.

Asubuhi Bi. Mwanahawa alikuja kuchukua vyombo. Akainua kile kikombe cha dirishani, akakigeuza. Hakikuwa na tone. Akasema, "Alhamdulillahi, leo amekunywa," akajifuta macho kwa upande wa kanga. Na usiniletee habari za paka. Nyumba ile haikuwa na paka.

Sijamwona tena. Nimefanya kazi ya uganga miaka mingi, Iringa, Makambako, hata huko kwetu Mbeya, na mpaka leo nikishika mkono wa mgonjwa vidole hunipoa kwanza, kisha ndipo hupata joto. Hata kuku wangu nawahesabu mara mbili. Saa ninayo, bado inapiga, na haijawahi kutengenezwa.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku kwenda chuo, beba blanketi, Iringa ni baridi. Hakikisha vifaa vimekamilika. Na ukifika stendi magharibi, akaja kijana asiye na koti, asiyekupokea mzigo, usinune kama nilivyonuna mimi, na usikimbie. Mfuate. Akikunyooshea mkono umpime, mpime dakika nzima. Usipopata kitu, mwambie hukupata.