Vile Tulitosha Viti mu Gari ya Papa

Papa alienda Shabunda mambo ya zahabu, akasema atarudi mbele ya Noeli. Hakusema Noeli gani. Vita ikakata barabara nyuma yake, shiye tukabaki na maman na gari. Siku moja batu ya paroise, kanisa yetu, balituita mbio ku foni, ile redio ya kuongea na batu ya mbali, ati papa iko anaongea toka Shabunda. Tulikimbia bila viatu. Kumbe ilikuwa papa ya batu bengine, jina tu njo ilifanana. Muzee ule alitusalimia vizuri kabisa, akatuuliza kama tunasoma. Nikajibu ndiyo. Primeri nilimaliza zamani na sekonderi sikuiona, lakini sikujua kitu ingine ya kumuambia.

Gari ilikuwa mu parseli, kiwanja ya nyumba yetu, chini ya bashi, ni kusema turubai. Kila samedi maman alikuwa anaifunua, anaipanguza, anaifunika tena. Miye na grand yangu, kaka mukubwa, tulikuwa na ruhusa ya kuwasha moteri kidogo tu, juu isioze.

"Ni gari ya papa yenu," maman alikuwa anasema. "Akirudi, aikute vile aliiacha."

Hapo njo nilikuwa sielewe. Mu Bukavu hakukuwa kitu yenye ilibaki vile iliachwa. Feza ilibadilika, basoda benye silaha balibadilika, hata shefu ya avenue yetu alibadilika mara nyingi mpaka tukaanza kumusalimia bila kuangalia sura. Juu ya nini gari peke isibadilike? Lakini nikimuangalia maman vile anapanguza ule mulango ya dereva, nilikuwa namushikia tu ndoo ya maji. Gari ikiwa nzima, papa anarudi. Hakusema vile, lakini nyumba nzima tulikuwa tunajua.

Sasa, ku njia ya Nyantende kulikuwa depo moja ya majani ya chai. Wenyewe balikimbia vita, ikabaki kiwanja ya simenti, kubwa kupita ya football. Dimanche, kisha misa, kama masasi ya bunduki imenyamaza, vijana benye magari balikuwa banakusanyika pale. Gari inazunguka moja moja, mutu anashika saa. Hakuna zawadi. Mwenye kukawia anachekwa mpaka dimanche ingine.

Kulikuwa mutoto ya direktere moja, gari yake mupya, miwani yake mupya, meno pia kama mupya. Siku tulifika na gari ya papa, bila kumuuliza maman, akaizunguka polepole.

"Petit," akaniambia, "hii korbiyari yenu inangoja nani?"

Korbiyari ni ile gari ya kubeba maiti. Batu balicheka. Miye, mwenye mulomo inajulikana mu avenue nzima, nikarudi mu gari na kufunga kiyoo.

Ku nyumba grand akasema, "Tunaitengeneza."

Maman akakataa. Grand akamuambia, "Gari yenye haikimbie inakufa, maman. Tunaipatia tu nguvu."

Maman akavuta bashi pembeni. "Mutaitengeneza," akasema. "Lakini isibadilike."

Mpaka leo najiuliza ile kazi inafanyika namna gani.

Mu avenue yetu kulikuwa tonton moja, ni kusema mujomba, wa Kigoma, dereva ya lori. Vita ilimukuta huku, lori ikakwama, yeye akabaki anatengeneza magari ya batu juu apate kula. Kwabo alikuwa anatayarisha magari ya mashindano. Alikuwa anaongea Kiswahili ya sawasawa, kama padri ku altare, na shiye tulikuwa tunaitika kama tunaelewa yote.

Alilala chini ya gari, akafungua milango, akagonga huku na huku.

"Breki za nyuma zinatosha," akasema. "Viti navyo vinatosha. Na bomba la moshi, naona linatosha."

Kisha akafungua kabureta. "Shida ni hii hapa. Naenda kuisafisha." Akaenda nayo ku lori yake.

Miye na grand tukaangaliana.

"Umesikia?" grand akaniuliza. "Viti bitoke."

"Lakini amesema vinatosha. Angesema tutoshe."

"Ni Kiswahili ya kanisa, ile. Anaogopa kututuma kama batumishi. Ni adabu."

"Na freni ya nyuma?"

Hapo grand alichukua ufunguo ya kufungulia nati. "Gari ya mbio," akasema, "utasimama nayo kufanya nini?"

Tulifanya kazi mpaka jua kushuka. Viti bikaingia mu salon, pale tunapokelea wageni, freni ya nyuma mu mufuko ya sementi, bomba ya moshi nyuma ya choo. Tulifunga tu ule murija mudogo ya mafuta ya freni, isimwagike. Tonton alirudisha kabureta kesho yake mu giza kabla ya misa, akaifunga akiwa na haraka, hakuangalia ndani.

Maman alipoona viti mu salon, akasimama. "Mulisema haitabadilika."

"Maman, ni fundi njo alisema."

Hakugombana. Alichukua kiti ya papa, akaigeuza iangalie mulango, akakaa. Ile kiti ilikuwa imebonyea upande ya kushoto, vile papa alizoea kukaa. Maman naye akabonyea kushoto, akaanza rozari.

Dimanche ile niliendesha nikikaa juu ya kaziye ya pombe, ile sanduku ya chupa. Nilipowasha, sauti ilitoka kama vita ya tatu. Bamama ya Nyantende balilala chini mu mashamba, na ule wa kushika saa naye alilala. Gari ilikimbia, siwezi kuwadanganya, ilikimbia mpaka nikasikia machozi inaenda ku masikio. Halafu kona ikafika. Nikakanyaga freni. Gari ikafikiri, ikaendelea. Tulitoka ku simenti, tukapita majani, tukasimama katikati ya maharagwe ya maman moja, alikuwa angali amelala chini.

Akainua kichwa. "Mutoto, ulikuwa unaenda wapi?"

Nikashuka ku kaziye, nikaanza kusimamisha maharagwe yake.

Tonton wa Kigoma alifika akikimbia. Akachungulia tairi za nyuma.

"Nani ametoa breki?"

"Shiye," nikasema. "Weye njo ulisema."

"Mimi? Nilisema zinatosha."

"Njo tulizitosha."

"Mlizitosha vipi? Zilikuwa zinatosha zenyewe."

"Zenyewe hazikutoka, tonton. Tulitumia ufunguo ya kumi na tatu."

Akakaa chini mu maharagwe. "Kutosha," akasema polepole, "ni kuwa kamili. Huhitaji nyingine."

"Ah," grand akasema. "Ile kwetu ni kuenea. Freni zinaenea. Kutosha, shiye ni kuondoa."

"Zinaenea wapi?"

Gari moja, Kiswahili mbili, na miye katikati na kaziye.

Lundi asubui tulianza kurudisha yote. Freni iliingia. Tulikuwa tunaenda kuchukua viti, basoda bakasukuma mulango ya parseli. Balikuwa banakusanya magari ya kuenda nayo Kalehe. Maman alisikia ndani, lakini hakutoka.

Komanda yabo alikuwa kijana kama miye. Alikaa ku kaziye, magoti ikagusa bolante, ule usukani, akawasha. Bomba ilikuwa ingali nyuma ya choo. Basoda yake bote balilala chini. Yeye akazima, akashuka, akajipanguza.

"Hii itatutangaza kabla tufike," akasema. "Viti yake iko wapi?"

Mulango ya salon ilikuwa wazi. Akaona maman ku kiti ya papa.

"Maman, simama."

"Hii ni kiti ya bwana yangu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Anakuja."

Kijana akaangalia chini, kama mutu yenye kutafuta kitu ameangusha. "Akikuja," akasema, "mumuambie shiye tuliazima." Bakabeba viti yote, ya papa ikawa ya mwisho, bakaifunga mu kamioneti yabo na kamba.

Gari ikabaki. Grand alicheka, kisha akaacha. Miye sikujua kama tumeiokoa ao tumeiharibu, na mu uso ya maman sikuweza kusoma. Aliingia mu parseli, akafungua mulango ya dereva, akaangalia ile fasi tupu.

"Na akirudi," akasema, "atakaa wapi?"

Akaenda jikoni, akarudi na kiti ya mbao. Akaiingiza mwenyewe, ikagongagonga, akapanda, akanyoosha mikono ku bolante. Kichwa ilibakisha kidogo kugusa juu.

"Papa yenu ni murefu kunipita," akasema. "Mukate miguu ya hii kiti. Ya kushoto, mukate kidogo zaidi."

Grand akaenda kuomba musumeno ku jirani.