Ulimi wa Mpima Ngano

Baba yake Modestus alikuwa mtumwa wa ghala kwenye bandari ya Ostia, akabeba magunia mpaka mabega yakapinda, ndipo akaachwa huru. Alichomrithisha mwanawe ni jina safi na nafasi katika chama cha wapima ngano. Kwa miaka thelathini na miwili Modestus alipima pishi ya mfuto, akipitisha kijiti chake juu ya kipimo kukisawazisha, bila kumwonea wala kumpendelea mtu. Waliomchukia walimwita Mzee Kijiti. Waliompenda nao walimwita hivyo hivyo.

Mwaka mmoja meli ya kwanza kutoka Aleksandria ilitia nanga wakati waokaji wamekwisha kupunguza ukubwa wa mikate kwa uhaba wa ngano, na wanawake walijaa gatini kuitazama. Nahodha wake, Sarapas, alikabidhi kijitungi cha sampuli kama ilivyo desturi: ngano kidogo ya shehena ile ile, iliyotiwa lakiri kule ilikopakiwa, ili mpokeaji alinganishe. Modestus akavunja lakiri. Ngano ya kijitungini ilikuwa kavu, yateleza vidoleni. Ya gunia la kwanza ilikuwa imevimba.

"Haya, tumeshaona," alisema Gavius, karani wa ghala. "Kauza nyingine njiani, hii kaimwagia maji ijae. Tangaza wizi, mzee, twende tukale."

Uso wa Sarapas ulisawijika. Kuiba ngano ya mji kulimaanisha mijeledi, na hakuna tajiri ambaye angempa tena meli.

"Mbona hukusema ulipofika kwamba ngano imelowa?" Modestus alimuuliza.

"Nani angeniamini, baba? Sisi wa Aleksandria mnatuhukumu hata kamba hatujafunga."

"Mimi sijahukumu. Sijaonja bado."

Akatia punje mdomoni, akazisogeza upande wa kushoto, maana wa kulia haukuwa na meno. Wapagazi wakaangua kicheko. "Mzee, tuachie na sisi!"

"Chumvi," alisema.

"Sasa?" Gavius akadakia. "Alikuwa baharini. Kwani ndoo ya kuchotea hana?"

Neno hilo lilikuwa na uzito, na Modestus alilijua. Akimtetea mwizi, jina alilopewa na baba yake lingefutwa chamani. Angeweza kutangaza wizi, akaenda kula chakula chake kwa amani.

Akavua viatu, akashuka ngamani, tumboni mwa meli. Alipapasa gunia baada ya gunia. Yaliyolowa yalikuwa safu moja tu, ubavuni kushoto, toka juu mpaka chini, na nyuma yake ubao ulikuwa umeachia, maji yanachuruzika. Magunia ya katikati, ambako mwizi hufichia uovu wake, yalikuwa makavu kama sampuli.

"Gavius! Shuka uulambe ubao huu."

"Mimi? Sishuki."

"Basi andika nisemayo."

Walipima mpaka alasiri. Hakikupungua hata kibaba. Modestus akapanda juu, akapaza sauti wanawake wasikie: ngano hii ni halali, na iliyolowa ioshwe, ianikwe. Kisha akamgeukia Sarapas. "Na wewe, meli ikivuja, sema! Utanimalizia meno yaliyobaki."

Sarapas aliwaamuru mabaharia wake watandaze tanga gatini, na wanawake wakainama kuitawanya ngano juani bila kuombwa.

"Baba, mikate itarudi kuwa mikubwa lini?" mmoja aliuliza.

"Kesho kutwa," alisema Modestus, akitia punje nyingine mdomoni.