Jina la Saba kwenye Orodha

Nimesoma hadi darasa la pili tu, na sijawahi kuona haya. Nilitoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mfuko mmoja wa plastiki. Leo nina nyumba Haltom City, nina magari matatu ya kazi ya usafi wa maofisi, na watu wenye diploma huja kuniomba kazi. Kiswahili nasoma, nilijifundisha kwa kitabu cha nyimbo za kanisani. Kiingereza cha maandishi najua cha mabango ya barabarani na cha chupa za sabuni, basi. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mwanangu.

Mwanangu anakaa Houston, mtaa wa Alief, na mke wake. Mwaka jana mkamwana wangu alijifungua mtoto wa kike, njiti wa miezi saba. Niliposikia tu, niliwasha gari.

Kwetu Burundi, kwa ukoo wetu, jina la mtoto hutolewa na baba wa baba yake, siku mtoto anapotolewa nje ya nyumba. Na jina si pambo, linasema jambo. Mwanangu nilimpa jina la kuwasema majirani waliotuchukia.

"Baba, mimi nimesoma shule zote za hapa nikiitwa 'wanatuchukia'," alinitania pale wodini. "Huyu mwonee huruma. Ulivyokwama njiani leo, utamwita 'foleni ya magari'."

Mkamwana alicheka, akashika mshono wa upasuaji kwa maumivu. Kisha akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa majina ya kike ya Wagiriki wa kale, ameyatoa kwenye intaneti, kila jina na maana yake kwa Kiingereza.

"Chagua wewe, baba. Nimeona nayo yanasema jambo, kama ya kwetu. Kuna Irene, amani. Kuna Zoe, uhai. Melissa ni nyuki. Mengine utajisomea."

Utajisomea. Neno hilo lilinichoma.

"Wagiriki wametuzaa lini?" nikasema, nikaitia karatasi mfukoni.

Mtoto alikuwa kwenye kisanduku cha kioo, mrija puani, mguu mdogo kuliko kidole gumba changu. Nesi mmoja, mama wa Kenya, akanisogelea.

"Mzee, huyu mrembo mtamwita nani? Tumechoka kumwita kitanda cha nne, bwana."

"Hajatolewa nje. Ambaye hajatolewa nje haitwi."

"Haya, mzee. Lakini hawa husikia. Hupenda kuitwa."

Nikarudi kwenye kazi zangu. Ile karatasi niliichomeka kwenye kikinga jua, juu ya usukani. Madaktari walisema mtoto anaendelea vizuri, na padri angekuja Jumapili kumbatiza. Padri naye alikuwa anangoja jina. Siku ya tatu mkamwana akanipigia.

"Baba, umesoma?"

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote. Hakuna linalotufaa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ngoja atoke nje."

"Sawa, baba," akasema, polepole.

Uongo huo niliusema kwa sauti ya mwenye nyumba, na niliona nimelinda mila.

Mtoto alifariki siku ya sita, Ijumaa mchana. Jumapili haikumkuta. Tulimzika chini ya kibao kidogo chenye jina la ukoo na maneno "mtoto wa kike". Mkamwana hakuniangalia usoni hata mara moja. Nikadhani ni msiba tu.

Mwezi wa pili baada ya msiba nilikuwa nasafisha gari mwenyewe, karatasi ikadondoka mapajani. Nikaikunjua. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Yale maelezo ya pembeni sikuyaelewa, lakini majina nilisoma, maana jina halina Kiingereza. Nikashuka nayo kwa kidole hadi la saba, nikakwama. Lilikuwa jina la mama yangu.

Mama yangu, Mrundi wa jembe na mihogo, alipewa jina hilo kwa ubatizo. Nimeliona kwenye kadi yake tangu utoto. Alibeba Kigiriki maisha yake yote, na mimi nauliza Wagiriki wametuzaa lini! Pembeni pake palikuwa na alama ndogo ya kalamu.

Kesho yake asubuhi nili-drive hadi Alief. Mkamwana alikuwa peke yake. Akanikaribisha huku anaangalia sakafu. Nikaiweka karatasi mezani.

"Hili la saba ni la mama yangu."

"Najua, baba. Mume wangu aliniambia, ndiyo maana nikakuletea. Nilitaka litoke kinywani mwako, ni haki yako. Uliposema hata moja halifai, nikajua umemkataa. Nikasema, baba hawezi kumpa mtoto wa kufa jina la mama yake."

"Sikuikunjua," nikasema. "Sijui kusoma Kiingereza. Niliona aibu."

Nimelala porini, nimefukuzwa kama mbwa, lakini sijawahi kujiona uchi kama nilivyojiona kwenye meza ile.

"Ungeniambia tu, baba. Ningekusomea."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeiweza.

"Nisomee sasa."

Akafuta macho kwa mkono wa fulana, akalisoma jina. Kisha maana yake: atakayefufuka.

"Ndilo ninalompa," nikasema.

"Kamwambie wewe, kule kaburini. Mimi nilikuwa namwita hilo kwa siri, nimeinamia kile kioo, nikingoja ruhusa yako."

Akainuka kunipashia chakula. Nilikila chote. Sikujua kingine cha kufanya.

Kabla ya kurudi nilipitia kwa mchonga mawe ya makaburi. Akataka nimtajie herufi. Nikamwomba kalamu, nikaandika mwenyewe, herufi moja moja, karatasi ikiwa kando. Ilinichukua muda, naye alinisubiri. Akaandika tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, akaziangalia, akashusha sauti. Akauliza kama kuna neno lingine la kuongeza.

Nikamwambia hakuna. Jina tu.