Ngozi ya Mama

Juzi, nikisubiri basi mgahawani Nyakanazi, niliona kwenye televisheni mnyama asiye na miguu, anayeishi chini ya udongo. Wanawe walikuwa wakimbambua ngozi na kuila. Mtangazaji alisema huyo si nyoka, ni jamaa ya chura, hana sumu, na ngozi hiyo ndiyo chakula anachowalea nacho. Chai ilinishinda.

Nilikuwa nimewahi kumwona, utotoni, kwenye migomba yetu kule Ngara, wakati wakimbizi wa vita walipopiga kambi karibu nasi. Mwanamke mmoja wa kambini, mwanawe mgongoni, alikuwa akitulimia ili apewe mihogo. Udongo ulinuka mvua na majani yaliyooza. Jembe lake lilipoinua bonge, mnyama alikuwa ndani, amejiviringisha, vitoto vyeupe vikimng'ata ubavuni. Mama yangu akaja na panga. Mwanamke alikuwa ameshaanza kumfukia taratibu kwa mikono.

"Mwache, mama," alisema. "Ana watoto."

"Hilo joka umekuja nalo wewe," mama akajibu. "Ondoka shambani kwangu."

Aliondoka bila muhogo hata mmoja. Mimi nilikuwa nikimtazama yule mtoto mgongoni, akiifyonza shingo ya mama yake iliyobaki mifupa, nikaamini kwamba naye anamla.

Kwa miaka mingi niliucheka ujinga wangu huo. Sasa sicheki. Mihogo ilikuwa imejaa uani kwetu, na yule mtoto angekula nini kingine zaidi ya mama yake?