Kidonge Cheupe cha Msusi

Marehemu dada yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa msusi. Kwa kuwa vidole vyake havikutulia hata wakati wa sala, tulimwita Cherehani. Aliwahi kumeza kidonge chekundu cha maumivu, midomo ikavimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Akakata shauri mwenyewe: ubaya uko kwenye ile rangi. Tangu hapo vyekundu hakuvigusa, akajiona yuko salama.

Asubuhi moja jino lilimshika akiwa amemsuka wifi yake nusu kichwa.

"Wifi, mbona unanivuta hivyo? Kwani nywele zangu ndizo zilizokutoboa jino?"

"Tulia. Ukizidi nitakuacha hivyo hivyo, urudi kwa kaka yangu na kichwa cha watu wawili."

Wifi akacheka, akatoa kidonge cha maumivu kwenye pochi, akampa. Dada akakigeuza kiganjani. Kilikuwa cheupe pe. Akakimeza.

Muda si muda viganja vikaanza kuwasha, kisha shingo, kisha ulimi ukawa mzito kama si wake. Akajaribu kuita, sauti ikatoka nyembamba. Mlango ulikuwa wazi, feni inazunguka, lakini hewa hakuipata. Akawawaza wanawe walioko shuleni. Moyoni akasema, Bwana, si leo.

Wifi alimkokota hadi barabarani, nywele zake mwenyewe za upande mmoja zikiwa timtim. Waliomwona walianza kucheka. Walipouona uso wa dada, wakasimamisha teksi. Mwenye teksi akawapakia bila kuuliza nauli.

Zahanatini, muuguzi alimlaza, akamchoma sindano pajani, akauliza amemeza nini.

"Cheupe cha maumivu," wifi akasema. "Yeye anadhurika na vyekundu tu."

"Rangi ni nguo tu, mama. Dawa iliyomo yaweza kuwa ile ile, na ina ndugu zake wanaodhuru vile vile. Kabla ya kumeza yoyote ya maumivu, atuulize kwanza."

Dada aliyasikia kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Kila pumzi aliivuta akihofu kuwa ndiyo ya mwisho. Polepole koo likalegea. Mungu alikuwa amemwongezea miaka, ingawa saa ile hakujua. Muuguzi alisema wabaki hapo, maana uvimbe huweza kurudi.

"Wifi," dada akanong'ona, "nikisinzia, niangalie kifua kama kinapanda."

Wifi akavuta kiti karibu, akaanza kuomba kimoyomoyo, macho yake yakiwa pale pale kifuani.